Safari ya Kuvuka Bahari Kwenda Kula Maharage

Jumamosi, 24 Oktoba 2015. Kasese.

Nimeshinda! Chama chetu cha ushirika wa kahawa kinatuma watu wawili Meksiko, kwa wakulima wenzetu wa milimani, na mmoja wao ni mimi, Musitafa wa Bwera, mwenye lori la pekee linalofika Kyondo mvua ikinyesha. (Linafika. Kurudi ni habari nyingine.) Mwanzoni nafasi ilikuwa ya Tsongo, katibu wetu. Nilimdokeza tu, kwa upole, kwamba wanaokwenda Meksiko huchomwa sindano ya kitovu. Akakumbuka ana harusi Muhokya. Sikumlazimisha.

Mwenzangu ni Kabugho, mjane wa Kyondo, mkulima. Mzigo wake uko ndani ya kikapu. Nimeomba tusikae pamoja kwenye ndege.

Desemba tunachagua mwenyekiti. Atakayerudi na maajabu ndiye atakayekalia kiti. Mke wangu Ramula ameuliza maajabu gani. Nimemjibu angeyajua yasingekuwa maajabu.

Jumatano, 28 Oktoba. Kijijini, milima ya Oaxaca.

Ndege tatu, basi, kisha nyuma ya pikapu juu ya magunia. Nikafumbua macho. Milima. Ukungu. Migomba. Kahawa. Nilidhani tumezunguka tukarudi Kyondo!

Mwenyeji wetu ni Bibi Eulalia, mjane, mfupi, sauti ya afande. Mkalimani ni Sista Laurentine, mtawa wa Butembo, Kongo, aliyekaa huku miaka mingi. Chakula cha jioni: maharage. Pembeni yake, chapati nyembamba za mahindi. Nikauliza chakula cha Meksiko kitaletwa saa ngapi. Sista akasema ni hiki, papa (kwao Kongo ndiyo baba), iko mbele yako.

Kabugho aliliona jiwe la kusagia la Bibi Eulalia, akapiga magoti, akaanza kusaga mahindi. Hakuna aliyeelewa lugha ya mwenzake na wote walikuwa wanacheka. Aibu gani hii! Mtu apande ndege kuja kusaga?

Ijumaa, 30 Oktoba.

Tumekwenda sokoni. Maajabu, nikasema, yatakuwa huku. Nikaletewa sahani ya panzi wa kukaanga kwa ndimu na pilipili. Wazungu wawili walikuwa karibu. Mmoja akapiga picha, mwingine akabadilika rangi. Wote wakanisubiri nipige kelele. Nikala sahani nzima, nikaomba nyingine. Nyumbani ni msimu wa senene! Bibi Eulalia alifurahi mno. Mimi nilisononeka. Bwera nitasema nini? Kwamba nimevuka bahari nikala senene?

Nimenunua kofia. Pana kama ungo. Ila kijijini sijaona mtu aliyeivaa, kwa hiyo nilirudi kumwuliza muuzaji wenyeji huivaa lini. Sista alicheka kabla ya kutafsiri jibu: wenyeji hawaivai, wanawauzia wageni. Nimeivaa hata hivyo. Mlango wa jikoni naupita kwa ubavu.

Jumapili, 1 Novemba.

Niandike haraka kabla aibu haijapoa.

Mchana niliamka usingizini nikakuta nyumba tupu. Kisha nikaona. Kuanzia langoni hadi sebuleni, njia ya maua ya rangi ya chungwa, yamechambuliwa na kutandazwa vizuri. Mwisho wa njia, meza. Kuku ndani ya mchuzi mweusi. Mikate. Ndizi. Kikombe cha chokoleti. Mishumaa inawaka, ubani unafuka. Kwetu njia kama ile hutandikwa kwa ajili ya waziri, tena waziri mwenye wizara nzito. Nikaelewa: hatimaye wametambua mimi ni nani, na wametoka ili mgeni ale kwa nafasi. Mezani kulikuwa na picha ya mzee mwenye masharubu. Nikadhani ni diwani wao. Nikampigia saluti.

Nikatembea juu ya maua, polepole, kofia kichwani. Nikaketi. Bismillahi. Kuku akaisha. Mikate ikapungua sana. Chupa ya pombe sikuigusa, mimi ni mtu wa dini.

Wakarudi. Bibi Eulalia akasimama mlangoni. Sista akashika kichwa.

“Papa Musitafa! Hii njia ya maua iko ya wafu! Bwana ya Bibi Eulalia, muzee Fidencio huyu wa picha, anarudia leo kula, mara moja kwa mwaka. Umekula chakula yake!”

Nikauliza kama mzee amekwisha kufika. Sista alikataa kutafsiri.

Kabugho akasema hashangai, hata kwa matanga Musitafa iko wa kwanza kwa sahani.

Ningestahimili kelele. Lakini Bibi Eulalia hakupiga kelele. Alifunika uso kwa aproni, mabega yakatikisika. Nilivua kofia. Nikatafuta mahali pa kuiweka. Nyumba nzima sikupaona.

Jumatatu, 2 Novemba.

Hukumu imetoka. Bibi Eulalia amepika upya, Kabugho akimsagia pilipili. Mimi nibebe sufuria hadi makaburini nikamwombe radhi mzee mwenyewe. Nikasema dini yangu haina mambo hayo. Sista akasema kuomba radhi iko kwa dini yote. Nikaumwa tumbo. Wakasema kwa kuku yule ni haki yangu kuumwa, lakini nibebe.

Makaburini watu wamekaa, wanakula, wanapiga magitaa. Nikasimamishwa mbele ya kaburi. Kijiji kizima kinatazama. Nikasema samahani. Bibi Eulalia akasema mzee alikuwa hasikii vizuri, niongeze. Niongeze nini? Nikamweleza habari za lori. Giaboksi. Tope la Kyondo. Kisha, sijui ilikuwaje, nikawa namweleza habari za baba yangu, aliyenifundisha kushika usukani, aliyezikwa pale pale Bwera kando ya barabara, na jinsi ninavyopita kila mara nikipiga honi bila kusimama. Nikafuta macho kwa mkono. Ubani wao ni mkali mno.

Bibi Eulalia akanipakulia paja. Akasema Fidencio naye alikuwa mlafi, hakuwahi kumngoja mtu mezani. Huenda jana alicheka.

Jumapili, 8 Novemba. Bwera.

Mkutano wa kupokea taarifa. Nilitangulia kusema, na kofia. Nikawaambia Meksiko wafu wanakula kuku mchana kweupe. Nimeshuhudia kwa macho yangu: meza imejaa, mara mifupa mitupu! Watu wakasogea mbele kwenye mabenchi. Nikaona nimewatia wote mkononi.

Kabugho akasimama, akawatajia jina la aliyekula.

Tsongo alianguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka. Kisha Kabugho akawasimulia jinsi akina Bibi Eulalia wanavyokaanga kahawa yao wenyewe na kuiuza bila dalali. Maswali hayakwisha. Mwishowe wakaona hakuna haja ya kungoja Desemba, wakamchagua Kabugho mwenyekiti kwa kunyoosha mikono. Ramula naye alinyoosha mkono. Nilimwona. Aliniona nikimwona. Hakuushusha.

Jumanne, 10 Novemba.

Habari njema! Machi wakulima wa Oaxaca wanakuja kututembelea, na Bibi Eulalia akiwemo. Kabugho anataka walale kwake Kyondo, wachume kahawa, wapike naye jikoni. Maskini! Hajui msafiri anataka nini. Lazima aone Uganda ya kweli, na mtu wa kuipanga ni mimi, niliyezunguka dunia.

Nimekwenda Kahendero kuongea na vijana wavuvi. Watavua jezi zao za mpira, watavaa ngozi za mbuzi, wataruka-ruka na mikuki ufukweni. Shakib, fundi wangu wa matairi, atanguruma kama chui kichakani. Tsongo amekubali kuwa mganga mkuu, mradi asichomwe kitu.

Ramula ameuliza watu wa Kahendero wamevaa ngozi za mbuzi tangu lini.

Tangu Jumatano ijayo, nimemwambia. Ndiyo siku ya mazoezi.