Neno Marahaba Katika Simu ya Baba Mkubwa

Jumatatu, 9 Juni

Likizo, siku ya tatu. Nimepata cheo! Baba Mkubwa Yotham, kaka wa marehemu baba na dalali wa mahindi hapa Kibaigwa, amenunua simu kubwa na kunitangaza kuwa katibu wake. Macho yake hayaoni karibu, na miwani huisahau kila anapokaa.

Erica, binti yake, tunalingana umri. Alisema cheo ni chake kwa haki, kwa sababu mimi nikiambiwa nimsalimie mgeni najificha nyuma ya pipa la maji. Uongo. Ilitokea mara moja. Mara mbili.

Kazi kubwa ya katibu ni posa. Watu wa Mlali walileta barua mwezi uliopita kumwomba dada yangu Evelina kwa ajili ya Luka, mwalimu mwenzake. Baba Mkubwa hatajibu kabla ya Agosti. Anasema tukijibu haraka watadhani tumechoka kumlisha. Mwaka juzi alikuja mposaji mwingine kabla ya kuitwa. Aliishia getini, na posa yake ikaishia hapohapo.

Evelina alinishika sikio. Amemngoja Luka miaka minne. Simu ile ikiharibu chochote, nisimwite dada tena.

Nimeapa. Sikio bado linauma.

Jumanne, 10 Juni

Naandika haraka. Ndani ya simu kuna kamusi!

Si kamusi ya kusoma. Ni kamusi tupu, inamsubiri mwenye simu aijaze. Nilikuwa nimechoka kuona jina langu limepigiwa mstari mwekundu kama kosa la insha, nikachimba kwenye mipangilio: lugha, kibodi, kamusi binafsi. Ukurasa mweupe. Alama ya kujumlisha. Nikaandika Nathanaeli. Nikarudi kwenye ujumbe. Mstari haupo! Nina miaka kumi na sita duniani, lakini leo ndiyo nimeandikishwa.

Nikaingiza Kibaigwa. Nikaingiza mbukwa, salamu ya Bibi kwa Kigogo. Simu haikubisha. Nilimwonyesha Bibi. Aliipokea kwa mikono miwili kama kichanga, akauliza ni nani humo ndani anayejua Kigogo, na ni wa ukoo gani.

Na kuna zaidi! Kila neno lina njia ya mkato. Unaandika herufi chache, unagusa kitufe cha nafasi, sentensi nzima inamwagika. Niliweka "mzg" itoe: "Mzigo umefika, njoo uuone kwa macho yako." Baba Mkubwa alijaribu, akarudi nyuma hatua mbili. Aliniuliza kama nimeleta mganga. Kisha akajaribu tena mara sita. Mnunuzi wa Morogoro amepiga simu kuuliza kwa nini anaitwa mara sita, kwani mahindi yanaungua?

Sijalala mchana. Nani angelala!

Jumatano, 11 Juni

Mpango! Mkubwa kuliko yote.

Madereva na wanunuzi humwamkia Baba Mkubwa kwa ujumbe siku nzima. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Yeye hujibu mwenyewe, kwa kidole gumba, bila miwani: marahaba. Ndilo neno pekee analoliandika bila katibu. Linatoka kavu kama gunzi. Mteja atapataje moyo?

Nikaingia kwenye kamusi. Sasa akiandika marahaba na kugusa nafasi, kama anavyofanya kila mara, kinatoka hiki: "Marahaba mwanangu. Karibuni nyumbani siku yoyote, msisite, chakula kipo."

Niliisoma mara nyingi. Mimi siwezi kumwambia mtu karibu bila kumeza mate mara tatu. Simu inasema yote kwa mpigo mmoja, haimezi chochote. Nimeiweka mezani na kuitazama tu.

Sijamwambia Baba Mkubwa. Nitamwambia faida ikionekana.

Alhamisi, 12 Juni

Faida imeonekana.

Saa saba mchana aliingia dereva wa lori, akanawa mikono, akakaa. Mama Mkubwa alidhani ameitwa na mumewe. Mumewe alidhani ameitwa na mke. Jioni wakaja madereva watatu na utingo wao. Mlenda ukaisha, ukapikwa mwingine, ukaisha.

Baba Mkubwa amevimba kwa furaha. Anasema msimu huu watu wanampenda. Erica alisema hajawahi kuona upendo unaokula ugali kiasi kile. Ananitazama sana yule.

Mimi nafikiria mbele. Kesho nitaingiza majina ya vijiji vyote vya wilaya.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwisha.

Asubuhi yote niliingiza vijiji. Arobaini na kimoja! Ujumbe mpya sikuusoma. Saa kumi jioni nikasema nipitie majibu ya jana ya Baba Mkubwa, nifurahie kazi yangu. Nikafika kwa Mzee Bartolomayo.

Huyu ndiye mshenga wa watu wa Mlali. Ana mvi kumzidi Baba Mkubwa, lakini mshenga hujishusha, ndiyo kazi yenyewe. Jana aliandika maneno matatu: Shikamoo mzee wangu. Chini yake, jibu la Baba Mkubwa. Marahaba mwanangu. Karibuni nyumbani siku yoyote. Msisite. Chakula kipo.

Chini ya hilo, Mzee Bartolomayo tena, leo asubuhi: hawakutegemea moyo mkunjufu kiasi hiki, wanakuja kesho, wako kumi na tisa.

Kumi na tisa! Kabla ya ukoo kukaa! Nilimwona yule mposaji wa mwaka juzi akirudi barabarani na kuku wake kwapani. Nikamwona Luka.

Nilikwenda kumwambia Baba Mkubwa. Nilisimama mlangoni. Nikameza mate mara tatu. Akauliza nina nini. Nikasema simu imejaa chaji.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nne lori aina ya Fuso lilisimama getini. Vigelegele. Mbuzi mmoja, mablanketi mawili, akina mama wanaimba. Luka alikuwa nyuma kabisa, suti imejaa vumbi.

Baba Mkubwa alitoka amevaa kandambili. Akauliza nani amewaita. Nyimbo zikakatika. Mzee Bartolomayo alisema kwa upole: si wewe mwenyewe, mzee wangu? Akatoa simu, akasoma kwa sauti, mpaka pale pa chakula kipo.

Baba Mkubwa aliomba miwani. Ililetwa. Akasoma. Juu ya ujumbe kuna jina lake na picha yake. Akasema, taratibu sana, kwamba yeye hajamwambia mtu karibu tangu mwaka uanze. Akaanza kufunga geti. Pazia la chumbani kwa Evelina lilitikisika.

Sijui miguu yangu iliondokaje nyuma ya pipa la maji. Nilijikuta katikati ya watu. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. Nilisema maneno yale ni yangu, Baba Mkubwa aliandika marahaba tu, mengine yametoka kwenye kamusi.

Mtu akacheka. Shangazi mmoja wa Mlali alisema watoto wa siku hizi wana uongo uliosoma. Baba Mkubwa akaninyooshea simu yake: thibitisha.

Niliandika marahaba mbele ya watu ishirini na zaidi. Nikagusa nafasi.

Haaa!

Walisogea wote. Shangazi akasema rudia. Nikarudia. Akasema mpe Bartolomayo ajaribu, huenda inakutii wewe tu. Ikamtii Bartolomayo. Shangazi akaitaka ajaribu yeye, akabonyeza, akapiga kigelegele peke yake. Bibi alitoka na mkongojo kuwaeleza wageni kwamba humo ndani kuna mtu, na ni Mgogo. Geti lilikuwa limebaki nusu, na kila mtu alikuwa upande wa ndani.

Baba Mkubwa akakohoa. Alitoa hukumu. Maneno ya simu si yake, kwa hiyo hawa si wageni wa posa. Wageni wa posa hawajaitwa. Lakini mtu aliyesikia kwa jina la Yotham kwamba chakula kipo hatarudi Mlali na njaa. Watakula kama wateja wa mahindi. Atakayemtaja Evelina ataondoka na sahani mkononi.

Basi watu kumi na tisa walikaa kwa muda wa saa nne wakizungumzia mahindi. Mzee Bartolomayo aliuliza kuhusu unyevu. Shangazi aliuliza kuhusu dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, kwa huzuni kubwa. Mbuzi alifungwa pembeni, hakuna aliyemwona. Evelina alipita na maji ya kunawa, na wote wakatazama juu kama wanaotafuta mvua. Luka alivua koti, akawasaidia vibarua kupakia magunia, akapakia mpaka la mwisho.

Wakati wa kuaga Baba Mkubwa alimwambia Mzee Bartolomayo kwamba kuna barua fulani nyumbani hajaijibu. Ukoo utakaa tarehe 28. Jibu litaandikwa kwa kalamu.

Halafu akauliza yule mpakiaji mwenye tai anaitwa nani.

Jumanne, 17 Juni

Nimefutwa ukatibu. Erica ndiye katibu. Amri ya kwanza: nifute kila nilichoingiza, yeye akisimamia.

Nilifuta marahaba. Nilifuta "mzg". Nilifuta vijiji arobaini na kimoja, na kila kimoja kilipopotea nilikisoma kwa sauti. Erica aliuliza kama tuko msibani. Bibi alikataza mbukwa isiguswe. Imebaki peke yake kwenye ukurasa mweupe.

Jumapili, 29 Juni

Ukoo ulikaa jana. Posa imekubaliwa! Baba Mkubwa aliandika kurasa mbili kwa kalamu na miwani, akatoa masharti saba, yote makali. Harusi ni Septemba. Evelina amenibusu kwenye sikio lilelile.

Nimelitafakari kosa langu kwa uaminifu wote. Nimeliona. Niliweka maneno mapole kwenye simu ya mtu mkali. Yangekuwa kwenye simu ya mtu mpole, kungeharibika nini?

Mama ni mpole.

Mama yangu mzazi, ambaye naye anaishi hapahapa, yuko kwenye kundi la kwaya la simu. Hujibu kila ujumbe kwa neno moja: Amina. Mara hamsini kwa siku, Amina tupu, haina uzito wowote. Mchana alipokuwa akianika nguo niliingia kwenye kamusi yake. Sasa inatoka: "Amina. Mimi niko tayari, msihangaike, niachieni mimi."

Nzuri mno! Nimeisoma mpaka machozi yamenilengalenga.

Sasa hivi mwenyekiti wa kwaya ameandika kwamba kongamano litaleta wageni mia mbili, na hajui nani atawapikia, tumwombe Mungu ainue mtu. Mama amekaa kwenye kigoda. Ameshasoma. Kidole kinashuka kwenye A.

Tazama kinavyong'aa kile kioo!