Askari wa Mwilini na Chumba cha Mama Ikwo

Jumapili, 4 Februari

Bwana asifiwe. Chumba changu kimefufuka. Nasema chumba cha kunenepeshea mabibi harusi alichoniachia mama, kilichoheshimiwa mji mzima wa Calabar kabla wasichana hawajaanza kutamani kiuno cha nyigu. Nimebaki na bibi harusi mmoja tu, Inyang. Na bibi yake, Mama Nkoyo, alishaanza kunung'unika kwamba atamhamishia kwa Affiong. Affiong! Wifi yangu, anayerusharusha watu mikono kwenye uwanja wa kanisa na kuyaita mazoezi ya afya. Inyang akiondoka, nafunga mlango.

Baada ya ibada muuguzi wetu, Sista Uduak, alitoa somo. Kumbe mafuta ya mwili si mzigo uliolala. Yanatoa homoni, inaitwa leptini, inapita kwenye damu ikiwaambia askari wa kinga: amkeni, akiba ipo, piganeni. Mtu akikonda sana homoni inapungua, askari wanasinzia, maradhi yanaingia bila hodi.

Nilisimama palepale. Sista alikuwa anasema "lakini". Sikuingoja hiyo lakini. Nilimwahi Mama Nkoyo mlangoni.

Jumatatu, 5 Februari

Nimepaka ubao wa mlangoni rangi na kuandika: HAPA TUNAAMSHA ASKARI WA MWILI. Mama Nkoyo amekubali kumwacha Inyang hadi harusi, mradi asiugue hata mafua. Sikuapa, Maandiko yanakataza. Nilisema tu amina kwa sauti kubwa.

Inyang kala ekpang, magimbi ya kukwaruza yaliyopikwa kwa mafuta ya mawese, asubuhi, supu ya mbuzi mchana, ekpang tena jioni. Akaomba kuzunguka uani kidogo. Nikamwambia askari wanataka utulivu.

Jumatano, 7 Februari

Affiong kapita na kundi lake. Kasimama mbele ya ubao, kauliza ili mtaa mzima usikie: "Wifi, hao askari wako wanalala wapi, tumboni au kidevuni?"

Wakacheka. Hata mke wa mchungaji. Nikamwombea Affiong. Nikamwombea mafua, kwa maneno ya staha.

Ijumaa, 9 Februari

Vumbi la Harmattan, upepo mkavu wa jangwani. Mafua yamekuja, ila yamepita kwa Affiong bila kusimama na kuingia kwangu. Nilianza mimi kupiga chafya, sasa Inyang anakohoa. Goti langu nalo limevimba kama kiazi kikuu. Nimemwambia Inyang akoholee kwenye mto wa kulalia. Mama Nkoyo alipopita nikaimba kwa nguvu kufunika. Kauliza kwa nini naimba wimbo wa Krismasi mwezi wa pili.

Jumamosi, 10 Februari

Mama Nkoyo kaja na Sista Uduak. Sista akatazama goti, akatazama sahani, akaniuliza kama nilisikia nusu ya pili ya somo. Nikasema nusu ya kwanza ilinitosheleza.

"Mama Ikwo," akasema, "mafuta yakizidi, hiyo homoni inawapigia askari kelele mchana na usiku. Wengine wanaizoea wanakuwa viziwi. Wengine wanachachamaa na kuanza kuchoma nyumba yao wenyewe. Hilo goti lako si uzee peke yake."

Nikamwonyesha Inyang, nikauliza basi na huyu je. Akasema siku chache za ekpang haziamshi askari wala hazimletei mtu maradhi. Mtoto ana mafua, na kaambukizwa na anayempakulia chakula huku akipiga chafya.

Inyang akatoa kichwa kwenye blanketi. "Mama Ikwo, mimi nilitaka kutembea tu."

Mama Nkoyo akamshika mkono mjukuu wake. Moja kwa moja kwa Affiong. Hakuniaga.

Jumapili, 11 Februari

Nimefunga hadi saa nne, nimesali, nimetafakari. Somo limeniingia. Inyang yuko kwa Affiong, atakonda. Akikonda, askari watalala. Wakilala, nani atawaamsha? Nimefuta ubao na kuandika: UMETOKA KWA AFFIONG? KARIBU TUKUAMSHE.

Ama hao viziwi wa mwilini mwangu, nawahurumia. Mtu asiposikia, unapaza sauti. Nimejipakulia ekpang sahani ya pili.

Leo Sista kafundisha tena baada ya ibada. Kaanza vizuri kabisa, kuhusu faida za chumvi. Alipofika kwenye "lakini" nilikuwa nimeshavuka geti.