Vigelegele Viwili vya Ziada

Leo, Jumamosi, saa kumi kasoro dakika sita alasiri, nimejivua heshima mwenyewe mbele ya ukumbi mzima.

Nieleze kwa utaratibu. Vijana wa hapa Nyeri wametengeneza filamu, na leo waliionyesha katika ukumbi wa kanisa. Baada ya kutazama, watu wangetoa maoni. Mimi nilichaguliwa kusema kwa niaba ya darasa letu la watu wazima. (Nilianza kusoma Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Mei, nikiwa mjane wa miaka hamsini na mitatu. Walionicheka siku ile bado wanatia sahihi kwa kidole gumba.)

Kwa hiyo nilitaka ukumbi ule umsikie mwanamke aliyesoma. Nilivaa suti ya buluu. Nilibeba daftari na kalamu mbili.

Filamu ilihusu mvulana wa miaka kumi na minne. Baba ametoroka, mama ni mja mzito, na mvulana analazimika kujifunza kupika, kufua, na kukama ng'ombe mwenye mateke. Jirani yangu Nyaguthii, aliyeketi kushoto kwangu, hakuchelewa kuanza kuzungumza na picha.

"Wewe kijana, usipee huyo ng'ombe mgongo!"

"Nyaguthii," nikamnong'oneza, "huyo hakusikii."

"Haki Mama Muthoni, masomo imekuharibu."

Nikamtazama kwa huruma. (Ile huruma ya mtu mwenye kalamu mbili.)

Tukafika mwisho. Mama akajifungua. Mkunga akatoka mlangoni: "Ni mvulana!" Nyanya wa filamu akapiga vigelegele. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Akanyamaza.

Nikangoja.

Jamani, huku kwetu mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele vitano. Vitatu ni vya msichana. Hata anayelima ng'ambo ya mto huhesabu, akajua nani amezaliwa. Nikamkazia macho yule nyanya. Kimya! Mtoto wa watu anatangazwa msichana, na sisi tumekaa tu!

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka daftari likianguka.

"Ariririiiti!" Cha nne.

"Ariririiiti!" Cha tano, nikiwa nimeinua mikono.

Hapo ndipo nilipoitazama picha vizuri. Langoni alikuwa amesimama yule baba aliyetoroka. Nyanya alinyamaza kwa sababu alimwona. Mvulana alikuwa akimwangalia babake, machozi yakimlengalenga. Kumbe kimya kile ndicho kilichokuwa moyo wa filamu! Watu walikuwa wametoa leso walie. Sasa wakazitumia kuziba vicheko.

"Keti, mama msomi," Nyaguthii akasema. "Huyo nyanya hakusikii."

Taa zikawashwa. Maoni yakaanza.

Kijana wa kwanza, akininyooshea kidole: "Mimi nimependa hapo shosho alimalizia. Ilikuwa imepangwa?" (Shosho, yaani nyanya, ni mimi.)

Mzee mmoja mwenye koti zito: "Sauti iko sawa. Lakini hiyo ya tano ilikuwa fupi."

(Fupi! Mzee, nilikuwa nimekwisha kugundua kosa langu!)

Wa tatu, msichana, akauliza kama ninapatikana Desemba. Dadake anaolewa Nanyuki.

Hakuna aliyemtaja mvulana. Hakuna aliyemtaja mama. Hata ng'ombe alisahauliwa. Wambui, binti aliyeitengeneza filamu hiyo kwa jasho lake, alishika kipaza sauti kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama. Nikakohoa kidogo. Nikafungua daftari penye maoni yangu manne, yenye nambari, yaliyopigiwa mstari kwa rula.

"Asante sana, shosho," Wambui akasema kwa adabu. "Maoni yako tumepata. Zilikuwa mbili."

Anayetaka kucheka ana ruhusa yangu hadi saa sita kamili usiku. Kesho ni Jumapili, na ninasoma somo la kwanza kanisani.