Helmeti ya Kiwikoni

Jumanne, Aprili 9

Nimeamua. Jumamosi Samorn atapanda pikipiki yangu. Si ya Thawin. Yangu!

Samorn anauza supu ya tambi mkabala na kijiwe chetu cha bodaboda. Kila dereva mwenye kizibao cha rangi ya chungwa anakula kwake, na nusu yao wanakula bila njaa. Mimi nimo. Leo asubuhi akatangaza, upawa mkononi, kwamba siku ya kwanza ya Songkran, mwaka mpya wetu wa kumwagiana maji, anakwenda kijijini kummwagia mama yake maji ya baraka mikononi. Mama hajiwezi tena, huenda mwaka huu ndio wa mwisho. Mabasi yamejaa. Anataka dereva. Lakini tangu Wirat afe, akasema, hajakaa nyuma ya mwanamume asiyevaa helmeti, na hatakaa.

Wirat alikuwa mumewe. Alikuwa mwenzetu kijiweni. Alitoka kwenda kununua barafu tu, hapo kona, kichwa wazi. Kizibao chake namba tisa bado kinaning'inia msumarini na hakuna anayekigusa.

Basi macho yote yakamgeukia Thawin. Huyo Thawin! Vioo viwili vya pembeni, taa zote zinawaka, na helmeti inayomfanya aonekane boga. Mimi vioo nilivitoa zamani. Dereva hodari anaangalia aendako. Ya nyuma yanawahusu walio nyuma.

Kuhusu helmeti nina msimamo. Nywele zangu nazipaka rangi kila mwezi na nta kila asubuhi. Helmeti inazilaza kama nyasi zilizolaliwa na nyati. Isitoshe, ajali haina kinga. Wahenga ndio waliosema, si mimi.

Lakini kwa Samorn nitaufikiria upya msimamo wangu.

Jumatano, Aprili 10

Mbinu ya kwanza. Nimemnong'oneza Samorn kwamba Thawin, maskini, ni dereva mzuri ila husinzia akiwa barabarani. Nikasema kwa huruma. Nikatikisa na kichwa.

Samorn akashtuka kweli. Akamwita Thawin, akamkalisha kivulini, akamkorogea kahawa nzito ya bure, akamwambia kaka yangu usijitese, uwe unapumzika. Kwa siku nzima! Vikombe kwa vikombe! Nilipoomba changu akaniuliza kama na mimi nasinzia. Nikasema hapana, niko macho. Akasema basi wewe huna shida.

Nimekunywa maji.

Bibi Phian alipita na kisanduku chake cha tiketi za bahati nasibu. Droo ni tarehe 16. Aliuliza nani ameota nyoka, nani ameona jambo la ajabu, maana watu hawana namba za kubahatisha. Nikamwambia asubiri, ajabu iko njiani: Samorn mgongoni kwangu. Akasema hiyo haina namba.

Alhamisi, Aprili 11

Nina helmeti! Nimeinunua kwa jamaa anayepanga zake chini, kandokando ya barabara. Nyepesi, huisikii kabisa. Ina picha ya jogoo. Muuzaji alinihakikishia ni imara, akaipiga kwa kidole ikalia vizuri.

Nikapita mbele ya kibanda cha Samorn polepole. Nikarudi. Nikapita tena. Mara ya tatu akaniita, akaniambia niivue. Akaigonga kwa upawa mara moja. Pa! Ufa kutoka kwenye kishungi cha jogoo hadi mkiani.

Akasema hii si helmeti, Bunlert, hii ni bakuli, na wewe ulikuwa unataka kunibebea kifo changu ndani ya bakuli. Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Thawin ndiye hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Eti akanivuta pembeni akasema twende sokoni nikuchagulie nzuri, wewe mwenzangu. Mtego mtupu! Nikakataa.

Bakuli amebaki nalo Samorn. Ameweka machipukizi ya maharage ndani.

Jioni nikapata helmeti ya kweli: ya shemeji yangu, mume wa dada. Nzito, ina kioo mbele na mkanda mnene wa kidevuni. Niliichukua bila kumsumbua kwa kumwomba.

Ijumaa, Aprili 12

Ushindi! Ushindi! Acha niandike kwa mpangilio.

Nilifika hekaluni alfajiri na pikipiki, helmeti na ndizi za sadaka. Nikamwomba mtawa mkuu atubariki sote. Mzee wa watu akachovya kidole kwenye poda nyeupe, akachora alama kwenye taa ya pikipiki. Akachora na juu ya helmeti, nukta tatu, safi, zimepangika. Akasoma dua, akatunyunyizia maji kwa mbali.

Nikamuuliza kama sasa niko salama. Akaniuliza vioo viko wapi. Nikamkumbusha kwamba ajali haina kinga. Akasema kweli haina, ndiyo maana kichwa kikapewa kofia. Hizi nukta, mwanangu, ni za kukukumbusha tu, ukiitundika kwenye usukani zitakuwa zinaukumbusha usukani. Watawa wakizeeka huwa wanaongea kwa mafumbo.

Akaniapisha nitaivaa. Nikaapa kwa sauti. Na nani alikuwa nyuma yangu na sahani ya wali wa watawa? Samorn! Alisikia kila neno. Macho yalimlowa. Akasema Kaka Bunlert, kama umeapa mbele ya mtawa, kesho nichukue wewe.

Kaka Bunlert! Wewe! Mwenye wivu ajinyonge.

Thawin alipopata habari hakununa. Akaja kuniambia niondoke alfajiri, kabla watu hawajaamka na ndoo zao, maana barabara ikishalowa maji na poda inateleza, na kila Songkran kijiwe hiki kinapeleka mtu hospitali. Nikamshukuru kwa adabu. Mimi si mtoto. Mpinzani akikwambia alfajiri, ondoka saa sita mchana.

Sasa nina tatizo dogo la kitaalamu. Kesho watu watarusha maji. Nikivaa helmeti, nukta tatu zitafutika. Baraka yote mtaroni! Na ulinzi wenyewe uko kwenye nukta, si kwenye plastiki; plastiki hata jogoo alikuwa nayo.

Nimefikiri sana. Nimepata.

Jumamosi, Aprili 13

Naandika kwa mkono wa kulia, ambao ni mzima. Wa kushoto ni mzima pia. Kiwiko, mzima kabisa. Kichwa kimeshonwa.

Mpango ulikuwa hivi. Helmeti ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko umefungwa fundo, umening'inia kiwikoni, nukta zikavu. Nikifika kona ya mwisho kabla ya kwa Samorn, naivaa. Tukitoka mjini kwenye maji, naivua kidogo. Yeye yuko nyuma, ataona nini? Mpango hauna kasoro hata sasa ninapoutazama.

Saa sita barabara ilikuwa mto. Muziki, poda, watu wamejaa kwenye magari ya mizigo na mapipa ya maji. Nilikuwa naendesha kwa mkono mmoja ili mfuko usiloane. Kulia pakawa na gari la pipa likitokea nyuma. Sikuliona, ningeliona kwa kitu gani? Mama mmoja mnene akanimwagia ndoo ya maji ya barafu usoni, akanitakia mwaka mwema. Nikasema asan... na hapo nikaligonga gari. Pikipiki ikaenda kwake, nami nikaenda kwangu. Kichwa kikapata ukingo wa barabara, kiwiko kikatua taratibu juu ya helmeti.

Ilikuwa kona ile ile ya barafu. Mbele ya kibanda cha Samorn.

Watu wakaja mbio. Nikajua wananipenda. Nikafungua jicho moja: wameizunguka pikipiki! Kwetu chombo kikianguka, namba yake ni mali ya umma, inakwenda kwenye bahati nasibu, hilo najua, hata mimi nimewahi kuisoma namba juu ya mwili wa mtu. Lakini nilikuwa natoka damu! Nikasema jamani niko hai. Bibi Phian akasema vizuri mwanangu, sogeza mguu, unafunika tarakimu. Nikausogeza. 83. Wakashangilia.

Kisha akaja Samorn. Amejivika nguo nzuri ya safari, ua sikioni. Akaona kichwa changu. Akaona mfuko kiwikoni. Akaufungua, akaitoa helmeti kavu na nukta zake tatu, akaitazama muda mrefu.

Akanipiga kwa upawa. Kwenye bega, kwenye goti, kwenye bega tena, huku analia kwa sauti. Alikuwa anasema Wirat alilala hapa hapa, hapa hapa Bunlert, na mimi nilimshika kichwa hivi hivi, na wewe ulikuwa nayo, ulikuwa nayo mkononi! Akajifunika uso kwa kitambaa chake cha jikoni. Watu wa namba wakaiacha pikipiki. Hata muziki mtu aliupunguza.

Nilitaka kumweleza habari ya nukta. Lakini Thawin alikuwa ameshaniinua.

Thawin alinipeleka hospitali, akanisainia, akarudi kumchukua Samorn. Nasikia waliondoka na helmeti mbili vichwani, zote zimelowa chepechepe.

Jumapili, Aprili 14

Nimenyolewa nusu ya kichwa. Upande wenye rangi nzuri!

Daktari akasema sentimita mbili nyuma zaidi na nisingekuwa hapa. Nikamwambia ndiyo, nilibarikiwa Ijumaa. Akaniuliza helmeti yangu ilikuwa wapi. Nikamwambia iko salama. Akaandika kitu.

Shemeji alikuja. Nikadhani ameleta matunda. Alifuata helmeti yake. Akaigeuza, akaikagua, akasema afadhali haina hata mchubuko, akaondoka. Dada alibaki kuniambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu kwamba sikio langu halikuguswa.

Nimewaza kitandani kwa utulivu. Ukweli ni huu: kilichobarikiwa ni taa na helmeti. Taa haikuvunjika. Helmeti haikuchubuka. Kichwa hakikubarikiwa, kikapasuka. Baraka ilifanya kazi kwa usahihi wa ajabu. Kosa lilikuwa la kiutawala.

Jumanne, Aprili 16

Nimeruhusiwa nyumbani asubuhi. Droo imesomwa mchana. Namba mbili za mwisho: 83.

Mtaa umelipuka! Mama mnene wa ndoo kashinda. Dereva wa gari la pipa kashinda. Nesi aliyenishona kashinda, kumbe alisoma fomu yangu. Wamekuja na mashada ya maua, wamelivika tairi langu la mbele. Mimi wamenipa embe.

Mimi sikununua 83. Nilinunua namba ya pikipiki ya Thawin, tangu Ijumaa. Nilikuwa na matumaini yangu.

Jumatano, Aprili 17

Samorn amerudi. Alimmwagia mama yake maji, mama akacheka, akamtambua, akamwita kwa jina la utotoni. Alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni, hataki kuingia. Nilifurahi kweli. Nilitaka niwe mimi niliyemfikisha, lakini nilifurahi.

Halafu akatoa boksi. Naye alishinda, Bibi Phian alimwekea tiketi. Ndani helmeti mpya! Nyeusi, inang'aa, ya duka lenye milango ya kioo. Akanivika mwenyewe, taratibu, juu ya bandeji. Akafunga mkanda kidevuni.

Akasema mimi nimezika mara moja, Bunlert, sina nguvu ya pili. Akasema vaa hii kila siku, kila safari, hata ya barafu. Mvua zikianza atakwenda tena kwa mama. Nikiwa nimeivaa siku zote hadi hapo, atapanda yangu. Si kwa kuapa, akasema. Nataka kuona kwa macho.

Nikasema ndiyo. Lo! Niliivaa chumbani mpaka kulipoingia giza, nikalia humo ndani kidogo, kioo kikafanya ukungu.

Alhamisi, Aprili 18

Kazini! Bandeji imenipendeza. Bibi Phian kaniuliza kwa heshima kama nina mpango wowote kabla ya droo ya tarehe mosi, na itakuwa barabara gani, watu wapate kujiandaa. Nikasema nitamjulisha. Hatimaye nina jina katika mji huu.

Kuhusu helmeti, nimeitazama sana asubuhi. Hakuna zawadi kama hii duniani. Alama za vidole vyake bado ziko kwenye kioo. Sasa mtu mwenye akili aipeleke kwenye jua, vumbi na moshi wa malori? Ichubuke kabla mvua hazijaanza? Samorn angenionaje?

Nimeifunga mifuko miwili. Fundo juu ya fundo. Imekaa vizuri kiwikoni.

Thawin kapita, akapunguza mwendo, akajigonga kichwani mara mbili kwa kidole, kama ananiuliza kitu. Nikamwinulia kiwiko ajionee.

Sasa hivi naenda kupita mbele ya kibanda cha Samorn, polepole, aone ninavyoitunza.