Taa Mpya na Mita ya Jirani

Leo nimejidhalilisha mbele ya mama mkwe. Tena kweupe, watu wamejaa uani.

Mama mkwe alifika jana kutoka Ruaruke kutusalimia hapa Kibiti. Asubuhi, tukinywa chai na mihogo, akauliza kwa nini sebuleni tumetoa ile balbu ya njano, maana alikuwa anaipenda. Nikamweleza kwamba balbu ya njano inakula umeme, hizi taa nyeupe za LED ndizo za watu wanaofikiri. (Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mkwe.)

Akaniambia kwa upole tu, "Baba, mimi naona taa ni taa."

Hapo ningenyamaza, mambo yangeisha. Lakini nikaona bora nimthibitishie.

Mita yetu iko nje ukutani, ina kitaa chekundu kinachomweka. Umeme ukiliwa sana kinamweka haraka, ukiliwa kidogo kinamweka polepole. Nikazima friji, nikazima televisheni. Mke wangu, Mwanahawa, nikamweka ndani kwenye swichi. Mama mkwe nikamtolea kiti uani.

Tukaanza na balbu ya njano. Kitaa kikamweka kwa madaha, kama mtu anayesinzia. Nikashangaa kidogo. Tukatia LED. Ndugu zangu, kitaa kikaanza kupepesa kama jicho lililoingia mchanga!

 Mama mkwe alijifunika mdomo kwa upindo wa khanga, na mimi ikanipanda hasira. Nimeuziwa taa feki! Nikatoka mbio hadi dukani kwa Bwana Mbonde, aliyeniuzia, nikamtaka aje ashuhudie mwenyewe. Mungu amjalie subira yule mtu. Aliacha wateja wake akanifuata, na wateja nao wakamfuata yeye.

Uani pakajaa. Nikasimama kando ya mita nikawahutubia. Nikasema taa hii inakula umeme kama mashine ya kusaga, na kwamba wafanyabiashara wamuogope Mungu. Bwana Mbonde akaomba taa izimwe kwanza. Mwanahawa akaizima.

Kitaa kikaendelea kupepesa vilevile.

"Mnaona?" nikapaza sauti. "Imezimwa na bado inakula!"

(Hayo maneno yametoka kinywani mwangu. Mimi, niliyesoma fizikia mpaka kidato cha nne.)

Bwana Mbonde akakuna kidevu. Ndipo mlango wa pili wa nyumba ukafunguliwa, Mama Shani, mpangaji mwenzetu, akachungulia na gauni mkononi.

"Samahanini jamani," akasema, "mnataka nizime pasi?"

Ukutani pale kuna mita mbili, zinafanana kama mapacha. Namba za umeme tunaonunua tunaziingiza kwa rimoti iliyo ndani, kwa hiyo mita yenyewe sijawahi kuiangalia kwa makini. Wakati wote nilikuwa napima pasi ya Mama Shani.

Mama mkwe alicheka hadi akashuka kitini, akakaa chini mchangani. Mwanahawa naye nilimsikia kule ndani, anacheka huku anapiga ukuta. Bwana Mbonde nilimwomba radhi. Akanipa mkono, machozi yanamtoka, akasema siku nyingi hajacheka namna hii.

Tukarudia kupima kwenye mita yetu, wote tukiwa tumeinama pale. LED kitaa kinamweka mara moja, unasubiri mpaka unakata tamaa ndipo kinamweka tena. Balbu ya njano, mbio mbio. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo! Lakini hakuna aliyejali.

Mama mkwe amekiri taa nyeupe ni nzuri, na anataka ya kwenda nayo. Ila ameniomba nisimfungie mimi, atatafuta fundi.

Mnaotaka kucheka, chekeni taratibu. Ruaruke nzima imeshapigiwa simu.