Ombi la Kuhesabiwa Miaka Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mkutano wa walimu. Direkteri Aristide ametangaza kwamba shule yetu ina nafasi moja tu ya nyongeza ya mshahara. Itatolewa ama kwa matokeo ama kwa miaka ya kazi. Chanceline, mwenye miaka minne kazini, amefaulisha watoto thelathini na wanane. Mimi, sita. Nikaeleza kwa adabu kwamba mtihani humpima mtoto, haumpimi mwalimu. Wakacheka! Chanceline akaniita “muzee wetu”. Tusi.

Jumanne, 7 Oktoba

Ombi limekamilika, kurasa nne. “Kwa unyenyekevu usiopungua haki yangu…” Sentensi hiyo pekee yastahili nyongeza! Nimedai miaka thelathini na tisa, ikiwemo ile niliyofundisha ukimbizini Tanzania.

Jumatano, 8 Oktoba

Kikwazo. Kitambulisho changu chasema nilizaliwa 1976. Naam: tuliporejea nchini kutoka ukimbizini, nilijipunguzia miaka kumi na minne mbele ya mwandikishaji, nisinyimwe ajira. Karani wa elimu akauliza iwapo nilianza kufundisha nikiwa na miaka kumi. Nikajibu kwamba kipaji huchipuka mapema. Hakuridhika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ushahidi! Nimepeleka cheti changu cha ubatizo, pamoja na Mama Domitille, muuza ndagala, yaani dagaa, wa sokoni Gatete. Akamwambia karani kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kugawanya, kulekule ukimbizini. “Na mimi sasa iko na wajukuu tano! Huyu mwalimu ni muzee kabisa, andika!” Karani akaandika kila neno. Nikamsihi agonge muhuri mara mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba

USHINDI! Direkteri amesoma barua mbele ya walimu wote: miaka yangu yote thelathini na tisa imekubaliwa. Hakuna mkongwe kunizidi! Chanceline alipiga makofi kuliko wote. Nikainama kidogo, kama ipasavyo.

Aya ya pili: kwa kuwa imethibitika nina miaka sitini na mitatu, nimestaafishwa kuanzia leo. Nyongeza apewe Chanceline. Darasa langu pia.

Hoja dhaifu mno. Jioni hii hii nimeanza ombi jipya, kurasa sita: mwalimu apimwe kwa matokeo, kamwe asipimwe kwa miaka! Vielelezo ninavyo: wanafunzi sita waliofaulu.

Na Mama Domitille, anayegawanya ndagala mafungu sawasawa. Saba.