Wimbi la Ijumaa Matema

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kundi langu la wasapu, Ukweli wa Ziwa: watu 143. Kundi la Moses, Matema Leo: watu 211. Nimehesabu mara mbili.

Moses ni fundi wa injini za boti. Mikono imejaa grisi kutwa, sijui anaandika saa ngapi. Jana mchungaji alimshukuru mbele ya kanisa zima kwa kutangaza kwamba daraja limebomoka, kabla watu hawajapakia ndizi zao. Nilimuuliza amejuaje. Akasema alikwenda kuangalia. Kwa miguu! Kilomita nne! Mtu ana simu mfukoni, anakwenda kuangalia daraja!

Mimi Aliko ninachaji simu za watu na kutoa kopi. Habari zote za Matema zinapita kwenye soketi zangu. Nimeamua: wiki hii nitatoa habari kubwa kabla yake.

Jioni nikapumzisha akili kwa gemu ya mpira kwenye simu. Kiwango rahisi. Nimefungwa sita. La tano nilijifunga mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu Tulinagwe amesoma nilichotuma mwezi uliopita, kwamba jani la mpapai likifungwa kwenye simu huongeza chaji. Akauliza nani kasema. Nikamwambia mtandao.

“Mtandao ndio nani?”

Swali la kijinga, lakini limenikosesha usingizi wa mchana. Nimetunga sheria: hakuna habari bila vyanzo vitatu. Nimeiandika kwa wino mwekundu na kuibandika dukani.

Nimeijaribu papo hapo. Kuna tetesi kwamba nguzo mpya za umeme zinakuja. Nikaituma kundini, kisha nikawapigia watu watatu. Wote wameisikia. Mmoja alisema ameisoma kundini kwangu. Nimemhesabu pia. Sheria inafanya kazi.

Jumatano, 5 Machi

Hii ndiyo!

Shemeji Jackson, kaka yake Tulinagwe, anayeuza vitenge huku na Malawi, ametuma video kutoka Karonga. Ziwa. Milima nyuma yake, mirefu kama yetu. Wimbi linainuka kupita mnara wa kanisa. Mtu mmoja anakimbia ufukweni, linammeza. Nimeitazama mara tisa.

Jackson hajui imetoka wapi. Mimi nimeitambua milima. Nikaandika: WIMBI KUBWA LINAKUJA MATEMA IJUMAA. PANDENI MLIMANI. Ijumaa nimeichagua mwenyewe. Alhamisi ni karibu mno na Jumamosi watu wana mnada.

Vyanzo vitatu nitavitafuta baadaye, habari ya namna hii haisubiri.

Saa kumi jioni: watu 260. Moses ameandika kwenye kundi lake, “Chanzo ni kipi?” Wivu!

Alhamisi, 6 Machi

Kijiji kinahama. Mama mkwe, Mama Anyes, amepita mbele ya duka na godoro kichwani na kuku wawili kwapani. Sikumtazama usoni, kwa heshima. Na kwa sababu nyingine.

Wanawake wameondoa usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye vichanja kabla haujakauka, wakaujaza kwenye magunia. Tulinagwe magunia matatu. Ameniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nusu.

Kusema kweli, mchana nilianza kuona aibu. Nikataka kuandika kwamba wimbi limeahirishwa. Ndipo Jackson akapiga simu. Akasema tukimbie, habari zimefika Karonga kutoka Tanzania kwenyewe, wimbi ni kesho, Matema imetajwa kwa jina.

Kumbe ni kweli! Nimefunga duka, nimepanda mlimani kabla ya mke wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Mlimani. Watu kama sitini chini ya maturubai. Mvua tangu alfajiri. Chini yetu ziwa limetulia kama maji ya beseni.

Saa nne Moses akapanda, amelowa. Alikuwa ameingia ziwani na boti tangu asubuhi. Pia alikuwa amewapigia watu wa hali ya hewa. Wamesema mvua tu. Nikamwambia watu wa hali ya hewa hawajaiona video.

Nikaionyesha. Kwa bahati mbaya aliyekuwa karibu nami ni Angetile, mwenye kibanda cha gemu. Alikuwa amepanda na televisheni yake, ameifunga kwa nailoni. Yeye hayumo kwenye kundi la mtu yeyote. Akaitazama, akatabasamu.

“Hii ni hatua ya saba. Aliko, na wewe unaicheza?”

Nikauliza hatua ya saba ya nini.

“Ya gemu. Huyu anayekimbia ndiye wewe. Ona pembeni, amebakiza maisha mawili.”

Pembeni kulikuwa na mioyo miwili myekundu. Nilikuwa nimedhani ni nembo ya mpiga picha.

Simu ikazunguka turubai zima, mkono kwa mkono. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Mama mkwe akasimama, akajitwika godoro lililolowa. Akasema, “Ndaga fijo, mkwe,” asante sana, basi. Akaanza kushuka.

Jumamosi, 8 Machi

Usipa wote umeoza. Harufu imeingia mpaka kwenye shuka. Tulinagwe alifanya kazi wiki mbili kwa usipa ule. Ameumwaga, nami nilishika gunia la pili. Nikasema mvua imezidi. Akachukua gunia la tatu.

Kundi: watu 31. Wanne ni laini zangu za zamani.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ezra, ameniita mbele ya kina mama. Hukumu: mwezi mzima nitageuza usipa wao kwenye vichanja na kufukuza kunguru. Nimekubali haraka, kabla hawajafikiria kitu kingine.

Jioni Moses akaja dukani. Hakucheka. Akakaa, akanieleza: kwanza uliza nani kapiga na lini. Halafu mpigie mtu aliye pale pale. Ukikosa jibu, nyamaza. Alisema kwa upole kabisa. Kulikuwa na jambo la nne, ila wakati huo nilikuwa nafikiria jina la kundi jipya.

Jumapili, 9 Machi

Nimeomba radhi kanisani. Dakika mbili. Watu wakaitikia amina upesi mno.

Kutuliza moyo nikaenda kwa Angetile, nikacheza hatua ya saba. Nimezama mara kumi na moja. Angetile akasema nipande mlimani. Sikupenda alivyosema.

Jumatatu, 10 Machi

Kichanjani tangu asubuhi. Kunguru ni wengi, lakini mkono mmoja uko huru. Nimefungua kundi jipya: Tokomeza Uvumi Matema. Kazi yake ni kuwafundisha watu kuhakiki habari. Wamejiunga saba.

Kundi la namna hii linahitaji mtu anayeaminika. Nimemwandikia Moses awe mlezi wetu. Tangu saa mbili mpaka sasa hajajibu.

Nimetangaza kwamba amekubali.